Nataka kuzuia alama za ajabu kwenye fomu ya usajili, naombeni ushauri wa haraka

Mwana wa Nyalenda
Wakuu, habari za jioni. Niko Kisumu. Nimeutengenezea ushirika mmoja wa akiba na mikopo (jina naliweka kando) fomu ya kusajili wanachama mtandaoni. Ni PHP (lugha ya programu) na MySQL (hifadhidata), si kitu kikubwa. Wanachama wako Kisumu mjini, Ahero, Muhoroni, na kuna tawi dogo Nakuru.

Shida ni majina. Wengine wakijaza, fomu inawaambia "jina si sahihi". Wengine wanapita vizuri, halafu kwenye orodha unakuta Ochiengâ€™ au M?thoni. Mwenyekiti ananipigia simu kutwa. Mkutano mkuu ni Jumamosi na orodha lazima ichapishwe.

Nimeamua kuruhusu a hadi z pekee, kingine chochote kikataliwe mlangoni. Naomba mwenye regeksi nzuri (kanuni ya kukagua maandishi) ya kufanya hivyo. Pia mnisaidie kuandika ujumbe wa kuwaomba wazee waandike majina bila ritifaa (ile alama '), usionekane wa dharau.

Jang'o Asili
Omera, ukiniondolea ritifaa hata humu jukwaani hawatanijua. Huo ujumbe kaupeleke Ahero mwenyewe, na uende umevaa kofia ngumu.

Kobole wa Mjini
PHP ilishazeeka. Hamia Django, hutasikia mambo haya.

Mama Biashara Njoro
Heri wewe unauliza. Kijana wangu alimaliza kozi ya ushonaji, cheti kikatoka kimechapishwa Ng&#039;ang&#039;a. Kwa karatasi nzuri ya kung'aa kabisa. Nilipokirudisha nikaambiwa ni kompyuta. Nikawauliza hiyo kompyuta ina kitambulisho? Mpaka leo kijana anatembea na barua ya kueleza kwamba yule wa kwenye cheti ni yeye.

Fundi wa Webuye
Mama, hao waligeuza ritifaa kuwa msimbo wa HTML kabla ya kuihifadhi. Jina huhifadhiwa lilivyo, halafu hugeuzwa wakati wa kuonyeshwa kwenye ukurasa, hapo tu. Cheti si ukurasa wa wavuti, ndiyo maana msimbo ukatoka mzimamzima.

Sasa wewe Mwana. Usiandike hiyo regeksi. Una matatizo mawili tofauti na unayachanganya.

La kwanza ni fomu kukataa ritifaa. Watu huizuia kwa kuogopa itavunja amri ya SQL (lugha ya kuiagiza hifadhidata), na kweli, ukilibandika jina moja kwa moja ndani ya amri, Ng'eno ataivunja bila hata kuwa na nia mbaya. Kinga yake ni amri zilizotayarishwa, ile prepare ya PDO au mysqli (viunganishi vya PHP na MySQL), jina likapita kama thamani na si kama kipande cha amri. Hapo aandike ritifaa atakavyo. Kwenye sehemu ya jina kagua kwamba si tupu, halizidi urefu wa safu, na halina nafasi zinazoning'inia mwanzoni au mwishoni. Basi. Na ukaguzi wa kweli uwe kwenye seva. Ule wa kivinjari unamsaidia mjazaji tu, mtu anaweza kuuzima.

La pili ni usimbaji wa herufi, yaani jinsi herufi zinavyogeuzwa kuwa baiti za kompyuta. Hiyo â€™ ni ritifaa ya kupinda (’). Kwa UTF-8, usimbaji wa herufi za lugha zote, inakaa kwenye baiti tatu, E2 80 99. Zikisomwa kwa Windows-1252, usimbaji wa zamani, kila baiti inajifanya herufi: â, kisha €, kisha ™. Data ipo, imesomwa vibaya tu. M?thoni ni habari nyingine. Latin1, usimbaji wa zamani wa herufi za Ulaya Magharibi, haina ũ ya Mũthoni wala ĩ, kwa hiyo MySQL ilipokosa pa kuiweka ikaandika alama ya kuuliza. Hiyo imepotea, hairudi kwa hesabu yoyote.

Dalili hizo mbili hazitoki kwenye mpangilio mmoja. Kuna kitu ulibadilisha katikati. Ni nini? Jedwali ni la charset (usimbaji) gani? Na umeshaigusa data iliyomo?

Mwana wa Nyalenda
Asante sana mzee. Jedwali ni latin1_swedish_ci, sikuchagua mimi, lilijiweka lenyewe.

Jang'o Asili
Mswidi anatafuta nini Muhoroni?

Fundi wa Webuye
MySQL ilianzishwa Uswidi, na kwa miaka mingi huo ndio uliokuwa mpangilio wa kawaida usipotaja mwingine. Walihamia utf8mb4, yaani UTF-8 kamili, kuanzia toleo la 8.0 mwaka 2018. Angalizo kwa wengine: kwenye MySQL usichague "utf8" kavu ukadhani umemaliza. Hiyo inaishia baiti tatu kwa herufi, emoji haziingii. Chagua utf8mb4.

Mwana, nilikuuliza maswali matatu. Umejibu moja.

Katibu wa Bahati
Mimi langu ni la SMS. Nilikuwa natuma ujumbe kwa wazazi wa shule moja huku Nakuru, kila mara salio linaisha mapema. Maneno ni yaleyale, wazazi ni walewale. Kumbe mwalimu mkuu alikuwa akiandika kwenye Word kisha ananitumia, na Word inapindisha ritifaa. SMS ya kawaida inabeba herufi 160, lakini ikiingia alama moja tu isiyo kwenye orodha ya GSM (herufi za kawaida za SMS), ujumbe wote unabadilishiwa usimbaji na nafasi zinashuka hadi 70. Ritifaa iliyonyooka imo kwenye orodha, iliyopinda haimo. Ujumbe wangu wa herufi 150 hivi ulikuwa unalipiwa kama mitatu. Na mtu alikuwa ananishuku nakula pesa ya salio!

Kobole wa Mjini
Na je, ulikuwa unakula?

Katibu wa Bahati
Toka hapa.

Shemeji wa Kakamega
Mimi fomu za watu wa namna hii zinanikataa kwa namba ya simu. Laini yangu inaanza na 0110. Namba za 01 zilianza kutolewa 2019, lakini fundi fulani bado ameandika kwamba lazima ianze na 07. Nikiweka +254 inasema ni ndefu mno. Nikiacha nafasi katikati inasema si namba. Kijana, si ungeondoa hizo nafasi mwenyewe, ukakubali 0 na +254, ukahifadhi kwa umbo moja? Kompyuta ni yako, kazi unanipa mimi.

Mwana wa Nyalenda
Hilo la simu nitarekebisha, nami niliweka 07. Lakini jamani tusitoke kwenye mada, regeksi ya a hadi z naweza kupata?

Fundi wa Webuye
Hapana. Umeigusa data au hujaigusa?

Mwalimu Mstaafu
Hii ndiyo hasara ya kukimbilia malipo kabla ya ujuzi. Enzi zetu mtu alikaa chini ya fundi mkuu mpaka aruhusiwe kushika msumeno. Nimefundisha ritifaa ubaoni Kakamega mpaka chaki ikanila vidole, leo mtoto niliyemfundisha anataka kuipiga marufuku kwa sababu imemshinda. Jibu ulichoulizwa, kijana.

Mwana wa Nyalenda
Sawa. Kuna mstari niliuongeza, set_charset('utf8mb4'), wa kuchagua usimbaji wa mawasiliano na hifadhidata, niliuona kwenye video. Kabla ya hapo orodha ilionekana safi kwenye ukurasa, ni karani tu aliyekuwa analalamika kwamba akiitoa kwenda Excel anaona â€™. Baada ya kuuweka, zile â€™ zikahamia kwenye ukurasa, na wa Nakuru wakaanza kuingia na alama ya kuuliza.

Kuhusu data, nimesafisha kidogo. Niliendesha UPDATE yenye REPLACE (amri ya kubadilisha data iliyomo) nikaondoa â€™ na ? zote. Sasa majina ni masafi, Ochieng, Ngeno, Mthoni. Mweka hazina mwenyewe alisema orodha inapendeza. Sioni ubaya, maana hata mkinipa regeksi matokeo yangekuwa hayohayo. Kilichobaki ni kidogo tu, majina hayalingani na vitambulisho kwa hiyo mikopo kadhaa imesimama. Ndiyo maana nataka wote waandike bila ritifaa, tulingane.

Jang'o Asili
Yaani vitambulisho vya serikali ndivyo vifuate jedwali lako?

Fundi wa Webuye
Uliendesha hiyo kwenye jedwali lenyewe linalotumika? Bakapu (nakala ya akiba) iko wapi?

Mwana wa Nyalenda
Kampuni inayohifadhi tovuti ina bakapu, nadhani.

Mama Biashara Njoro
Nadhani!

Mchunguzi wa Kibuye
Jamani mnachezewa. Someni posti ya kwanza tena. Fomu inakataa ritifaa, sivyo? Basi huyo Ochieng' aliingiaje kwenye orodha akiwa na ritifaa yake, mbovu au nzima? Mlango umefungwa na mgeni yuko sebuleni. Hii ni asaimenti. Muhula unaelekea mwisho chuoni Maseno, kuna mtu anatafuta jibu la bure, na mzee wa Webuye anamwandikia kurasa. Eti mwenyekiti, eti mkutano Jumamosi.

Kobole wa Mjini
Nilinusa mapema. Mtu anajua UPDATE na REPLACE, halafu hajui bakapu?

Shemeji wa Kakamega
Hao ndio wengi zaidi, ukae ukijua.

Mwana wa Nyalenda
Mimi si mwanafunzi. Mtu akitaka aje Oile hapa Kisumu tuonane uso kwa uso. Nina simu ya mwenyekiti hapa inaita, na nyinyi mnanifanyia mahakama.

Fundi wa Webuye
Mchunguzi ameuliza swali la maana kuliko yote ya humu. Mwana, tubandikie ukaguzi ulio nao sasa, ulivyo.

Mwana wa Nyalenda
`/['"<>;]/` Ikiona mojawapo ya hizo inakataa.

Fundi wa Webuye
Basi mgeni alipita hivi. Hiyo inazuia ritifaa iliyonyooka peke yake. Ya kupinda ni herufi nyingine kabisa, U+2019, haimo kwenye orodha yako. iPhone tangu iOS 11 ya 2017 huipindisha yenyewe unapoandika, na Word vilevile. Wenye simu zinazoacha ritifaa imenyooka wakakataliwa. Wenye iPhone wakapita, wakaharibikia ndani. Mtu anayetunga kisa asingetunga kosa hili, angetunga rahisi zaidi. Mimi namwamini.

Jang'o Asili
Kwa hiyo ukiwa na Tecno huna haki ya mkopo.

Mwana wa Nyalenda
Karani wa Muhoroni huandika kwenye Word kisha anabandika kwenye fomu. Na ni kweli, wa Muhoroni hawakuwahi kulalamika kwamba wamekataliwa.

Mchunguzi wa Kibuye
Sawa, tuseme hiyo imeingia akilini. Bado sijasadiki.

Fundi wa Webuye
Endelea kutosadiki, sisi tufanye kazi. Mwana, funga fomu kwanza, asiingie mtu mwingine. Waandikie kampuni ya seva uwaombe bakapu ya kabla ya ile UPDATE. Usiirejeshe juu ya jedwali la sasa. Ifungue kama jedwali la pili, kando.

Ukiipata, usiibadilishe kwa ALTER (amri ya kubadilisha umbo la jedwali) ya moja kwa moja kwenda utf8mb4. Hiyo itachukua â€™ kama herufi halali na kukuhifadhia uchafu wako vizuri kabisa. Kwa rekodi zilizoingia kabla ya ule mstari wa set_charset, igeuze safu ya jina iwe VARBINARY (baiti tupu), kisha VARCHAR (maandishi) ya utf8mb4. Baiti zinabaki zilezile, zinasomwa upya, ritifaa inarudi. Rekodi zilizoingia baada ya ule mstari usizipitishe njia hiyo, zenyewe ni latin1 halisi na utaziharibu. Hizo ALTER ya kawaida inazitosha. Zitenge kwa tarehe ya usajili, kila kundi kwenye jedwali lake. Una tarehe?

Mwana wa Nyalenda
Safu ya tarehe ipo.

Fundi wa Webuye
Vizuri. Na ile Excel ambayo karani alikuwa analalamikia, anayo bado? Iombe leo. Ilivyo mbovu hivyo ndivyo inavyofaa, kwa sababu kila â€™ iliyomo ni ritifaa inayoweza kurudishwa. Linganisha kwa namba ya uanachama, usilinganishe kwa jina.

Mwana wa Nyalenda
Nimempigia. Anayo, alinitumia kwa barua pepe wakati ule sikuifungua. Ila Excel imekula sifuri za mwanzo za simu zote. Na wa Nakuru walioingia baadaye hawamo.

Fundi wa Webuye
Sifuri si tatizo, kila namba yenye tarakimu 9 iongezee 0 mbele. Wa Nakuru wapigiwe simu au zitafutwe nakala za vitambulisho, alama ya kuuliza haina kumbukumbu ya ilichokula. Na uhakikishe jedwali limeshageuzwa kabla hawajaandika upya, vinginevyo ũ itatupwa tena.

Mwana wa Nyalenda
Na Jumamosi? Kwa nini tusichapishe hii safi iliyopo, tutengeneze baadaye? Wanachama wengi hawatagundua.

Mama Biashara Njoro
Watagundua. Mimi niligundua cheti kikiwa bado kwenye bahasha.

Mchunguzi wa Kibuye
Kama ni kweli, tuma picha ya skrini ya jedwali tuone.

Katibu wa Bahati
Asitume! Hayo ni majina na simu za watu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zisahihishwe. Mkopo wake umekwama kwa jina lililobadilishwa bila yeye kuulizwa, halafu aikute picha ya taarifa zake humu?

Mchunguzi wa Kibuye
Basi afunike majina.

Jang'o Asili
Akifunika majina atatuonyesha nini, na uzi mzima ni wa majina?

Mwana wa Nyalenda
Kampuni ya seva imejibu. Bakapu yao ya mwisho ni ya Jumapili usiku. Mimi sikumbuki kama ile UPDATE niliiendesha Jumapili hiyo au Jumatatu asubuhi.

Fundi wa Webuye
Ifungue kando kama nilivyosema, utafute Ng'eno yeyote wa Muhoroni. Ukimkuta bado ana â€™ katikati ya jina, bakapu ni ya kabla.