MJADALA: Vijana wa Kisan kufundishwa kuuza utamaduni wao kwa watalii, ni ukombozi au ni maonyesho ya binadamu?

Mleta mada:

Wakuu salaam. Naleta hii hapa tuijadili kwa hoja maana kwenye kundi letu la waongoza wageni wa Arusha ilileta kelele mpaka watu wawili wakajitoa. Mtu alitupia picha za vijana wa Kisan, hawa wenyeji wa Kalahari wenye lugha za vidoko, wamemaliza mafunzo ya utalii kwenye kituo cha utamaduni cha !Khwa ttu kule Afrika Kusini, wameshika vyeti wanacheka. Nusu ya kundi wakasema hongera sana, nusu wakasema huo ni utumwa wa kisasa, mtu anasomeshwa namna ya kujianika.

Kwa wasiokijua, kituo kiko karibu na Yzerfontein, kama kilomita 70 kaskazini ya Cape Town, ni shamba la zamani la ngano lenye hekta kama 850. Mradi ulianza 1999 kwa ushirika wa mfuko wa Kiswisi wa mwanaanthropolojia Irene Staehelin na WIMSA, ambayo ilikuwa jumuiya ya mashirika ya Wasan wa kusini mwa Afrika. Wageni wakaanza kupokelewa rasmi 2006, na 2018 ikafunguliwa makumbusho mpya hapohapo. Vijana wanatoka Botswana, Namibia na Afrika Kusini yenyewe, wanakaa bweni, wanafundishwa kuongoza wageni, mapokezi, mgahawa, kompyuta, kutunza hela, mambo hayo.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msinizungushe: mimi sina tatizo na mtu kucheza ngoma yake mbele ya mgeni akalipwa, hiyo ni kazi kama kazi zingine. Tatizo langu ni pale unapompa kijana cheti halafu nyumbani kwao hana ardhi wala biashara ya kwenda kukitumia, maana hapo umemtengenezea tajiri wa loji mfanyakazi mzuri, basi. Kwahiyo ukitaka kujua kama mafunzo yana maana usiangalie picha ya mahafali, angalia miaka mitano baadae yuko wapi na kwenye ile sehemu anayofanya kazi nani anashika droo ya hela.

Karibuni.

Kisima Kirefu:

Mkuu umeanza vizuri ukaishia kuwapaka mafuta. Hao watu historia yao ni kuangaliwa tu. Sarah Baartman, mwanamke wa Afrika Kusini, alipelekwa London 1810 akaonyeshwa kama mnyama, akafia Paris, mabaki yake yamerudi 2002. Pale Cape Town kwenye makumbusho ya taifa kulikuwa na sanamu za Wasan zilizofinyangwa kwa kuchukua umbo la miili ya watu hai mwanzoni mwa karne ya 20, zimepangwa nyuma ya kioo, kwenye jengo moja na wanyama na visukuku, na zilikaa hivyo mpaka 2001, yaani miaka saba baada ya Mandela kuingia madarakani ndo wakafunga. Leo kioo kimetolewa, mtu yuleyule anasimama mwenyewe na anaambiwa atabasamu. Tofauti iko wapi?

Baharia wa Cape:

Kisima Kirefu kwanza tunyooshe kitu kimoja, Sarah Baartman alikuwa Mkhoikhoi, wafugaji hao, sio Msan. Ni ndugu lakini ukiwachanganya wenyewe wanakasirika.

Pili mimi niko Cape Town miaka sasa na pale !Khwa ttu nimefika, nilipeleka wageni waliotoka Dar. Nilitegemea kukuta watu wamevaa ngozi. Aliyetupokea ni dada wa Kinamibia amevaa shati la kazi na buti, akatutembeza anatuonyesha mimea ipi ni dawa, nyayo zipi ni za swala na zipi za pofu, anachora mchangani kwa kijiti. Kuna vibanda vya mfano vya nyasi na akasema wazi kabisa hivi ni vya kuwaonyesha nyinyi, bibi yangu aliishi hivi, mimi naishi nyumba ya bati. Mzungu mmoja kwenye msafara akauliza sasa mbona hujavaa kiasili, dada akamjibu na wewe mbona hujavaa kama babu yako. Watu tulicheka pale.

Halafu wakatuonyesha wanavyotengeneza shanga za yai la mbuni. Ganda linavunjwa vipande vidogo kama punje za mahindi, kila kimoja kinatobolewa katikati, vinapangwa kwenye uzi, halafu uzi mzima unasuguliwa mpaka vyote viwe duara sawasawa. Unakaa nusu saa mtu kamaliza shanga za kuhesabika kwenye vidole. Nikaacha kulalamika bei ya mkufu.

Huyo dada ndio unamwita mnyama wa kwenye kioo?

Mleta mada:

Baharia ahsante, hapo kwenye shati la kazi ndo penyewe. Ila tusifanye kama vituo vyote viko hivyo. Miaka ya tisini familia za Khomani, kundi la Wasan, za kiongozi wao marehemu Dawid Kruiper walikuwa wanaishi Kagga Kamma, hifadhi ya mtu binafsi kwenye milima ya Cederberg, mbali kabisa na kwao Kalahari, kazi yao kuvaa ngozi watalii wakija, na kuuza vitu vya mikono. Eneo sio lao, wakigombana na mwenye eneo wanafungasha. Sasa haohao ndo walifungua madai ya ardhi 1995, na Machi 1999 Mbeki, makamu wa rais wakati huo, akaenda kuwakabidhi mashamba kule kaskazini jirani na hifadhi ya Kgalagadi, na baadae wakapata haki ndani ya hifadhi yenyewe. Leo kule ndani kuna loji inaitwa !Xaus ambayo ni mali ya Khomani pamoja na jamii ya Mier, japo uendeshaji ulikabidhiwa kampuni.

Angalieni mtiririko huo. Ngoma ni ileile, ngozi ni ileile, kilichobadilika ni hati ya ardhi. Ndo maana nawaambia kubishana kama kuvaa ngozi ni aibu au sio aibu ni kupoteza muda.

binti_mwenge:

Samahani kaka mleta mada, hoja yako ya "arudi nyumbani" mimi inanikera kidogo. Mbona Mchaga akisoma hoteli akaajiriwa Zanzibar hakuna anayemuuliza umerudi Machame kufanya nini? Akisoma Msan ndo tunataka arudi porini akainue jamii, akibaki mjini anafanya kazi mapokezi tunasema mafunzo yamefeli. Huo nao ni ubaguzi, tena wa kistaarabu. Kijana kutoka Platfontein, makazi ya Wasan karibu na Kimberley kule Afrika Kusini, anaweza akawa hataki hata utalii, anataka kuwa fundi umeme.

Kisima Kirefu:

Dada umeongea. Na kwanini kila mradi wa Wasan lazima uwe utalii na shanga? Kwani hawawezi kuwa wahasibu?

Mleta mada:

Binti_mwenge hoja yako ni nzito na nimeisoma mara mbili. Lakini huyo Mchaga wa Zanzibar ana kihamba. Akifukuzwa kazi kesho anapanda boti anapanda basi anafika Machame anakuta migomba ya baba yake, hakuna wa kumtoa. Sasa chukua kijana wa Kisan aliyezaliwa ndani ya hifadhi ya Kalahari ya kati kule Botswana. Serikali ilianza kuhamisha watu kwenye ile hifadhi 1997, ikarudia 2002. Wakaenda mahakamani, kesi ya Roy Sesana na wenzake, wakashinda Desemba 2006, mahakama ikasema waliondolewa kinyume cha sheria. Wamerudi wakakuta kisima kimezibwa, serikali inakataa kisifunguliwe, ikabidi wapigane kesi nyingine mpaka Januari 2011 mahakama ya rufaa ndo inasema haya wana haki ya kuchimba maji. Na katikati ya hiyo vurugu loji ya watalii ikafunguliwa ndani ya hifadhi hiyohiyo, maji wanayo, na kwenye ratiba ya mgeni kuna matembezi na Bushmen!!

Kwahiyo huyo kijana akienda kusoma mapokezi sipingi, akitaka ufundi umeme asome. Ninachosema ni kwamba chaguo la kubaki mjini lina maana pale ambapo na la kurudi lipo.

Mtu wa Karatu:

Wakuu nisaidieni kushusha huu mjadala nyumbani maana mnazungumzia Kalahari wakati Eyasi iko hapa. Mimi nimeendesha wageni kwenda kwa Wahadzabe kwa miaka. Wao na Wasan sio kabila moja, vidoko tu ndo vinawachanganya watu, ila biashara ni ileile.

Inavyokwenda: mgeni analala Karatu, mnatoka saa kumi na nusu alfajiri, barabara ya vumbi mpaka Mang'ola, mnachukua muongozaji wa pale, mkifika kambini kumekucha, wanaume wamezunguka moto wamevaa ngozi ya nyani, wanavuta. Mnawafuata kuwinda saa moja mbili, wakipata ndege au pimbi wanachoma palepale, mgeni anajaribu upinde, picha, kwaheri. Saa nne mko kwa Wadatoga wahunzi mnaangalia misumari inavyogeuzwa vichwa vya mishale. Siku ya msimu kambi moja inapokea gari tano sita. Sasa niambieni watu wanaopokea gari sita kila siku wanawinda saa ngapi kwa ajili ya watoto wao.

Na hela? Mgeni kalipia safari nzima ofisini Arusha. Kambini inafika sehemu ndogo na zamani nyingi iliishia kwenye pombe, kuna kampuni moja niliwahi kuifanyia kazi, siitaji, bosi alikuwa anatupa konyagi ndogondogo za kuwapelekea badala ya hela eti ndo wanachopenda. Niliona aibu mimi niliyebeba.

Na katika miaka yote hiyo waongozaji wa Kihadzabe wenyewe, wenye lugha ya kigeni na kitambulisho, niliokutana nao hawajai hata kwenye gari moja. Kwahiyo mtu akiniambia kuna kituo kinachomfundisha mwenyeji asimame mwenyewe azungumze na mgeni bila mimi katikati, mimi ambaye nitakosa kazi nasema kifunguliwe kesho.

Mleta mada:

Mtu wa Karatu hii ndo michango. Ila nikuongezee, upande wa pili huko Yaeda Wahadzabe mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya zaidi ya hekta elfu 20, na baada ya hapo ndo wakaweza kuingia kwenye biashara ya hewa ya ukaa, wanalipwa msitu ukibaki umesimama, bila kumchezea mtu ngoma. Hati kwanza!

Baharia wa Cape:

Mleta mada unatembea na hati kama mlokole na Biblia hahaha. Hati pekee haitoshi kaka. Hao Khomani wako walipewa mashamba 1999 na kilichofuata ni ugomvi wa ndani, madeni, uongozi mbovu, mpaka serikali ikaingilia kati kusimamia mali yao. Walipewa ardhi bila mtu anayejua kusoma taarifa ya benki. Ndo maana mafunzo yanahitajika, na sio ya kuongoza wageni tu, mafunzo ya kuendesha ofisi. Hapo hata !Khwa ttu naibana, kujifunza kupanga meza ni kitu kimoja, kujifunza kukaa kwenye bodi ni kingine.

Kisima Kirefu:

Na hiyo bodi mbona hakuna aliyeigusa. Mradi wa Wasan kwa hela za Uswisi. Mfadhili akichoka je?

Baharia wa Cape:

Wasan wamo kwenye uongozi wake tangu mwanzo, walianza kupitia WIMSA, sio wageni waalikwa. Ila swali la hela ni halali. Kiingilio na mgahawa havitoshi kulisha bweni la wanafunzi.

binti_mwenge:

Kuna kitu kingine sijaona mtu akigusa. Wasan walishajifunza kudai mahali pengine nje ya utalii. Ule mmea wa hoodia waliokuwa wanatafuna kuzuia njaa wakiwinda, taasisi ya utafiti ya serikali ya Afrika Kusini ikauwekea hataza miaka ya tisini bila kuwauliza, wakapambana wakapata mkataba wa mgao 2003. Rooibos, ile chai nyekundu, wao na Wakhoikhoi wakasaini na sekta ya chai 2019, asilimia 1.5 ya bei ya shambani. Na 2017 wakatoa kanuni zao za maadili, mtafiti akitaka kuja kwao anaambiwa masharti ndo haya, heshima, ukweli, haki na kujali. Sasa kwanini kwa mtafiti wana masharti ya maandishi na kwa mtalii mwenye kamera hawana?

Mtu wa Karatu:

Dada hilo la kamera mimi ningeliunga mkono kesho asubuhi. Unakuta mgeni anampiga picha mtoto anayenyonya, sentimita 30 usoni, na mimi dereva nikisema kitu naambiwa naharibu tipu.

Mleta mada:

Baharia nakubali kwenye bodi na taarifa ya benki, ila sikubali kwamba inapunguza uzito wa hati, Khomani wamegombana lakini wamegombana kwenye ardhi yao na bado wako hapo. Na tusidanganyane kuhusu ngoma kulisha watu. Nyae Nyae kule Namibia, hifadhi ya jamii ya Ju/'hoansi, Wasan wa huko, tangu 1998, gawio la wanachama kwa kiasi kikubwa limetoka kwenye uwindaji wa kitalii, hata tembo. Jumba la makumbusho hai la Ju/'hoansi wa Grashoek, la tangu 2004, wanaliendesha wenyewe, mgeni akiondoka wanavua ngozi wanavaa jinzi, hela ni yao. Lakini ni hela ya sukari na unga na ada. Kwahiyo mwenye mpango wa kufungua kituo cha namna hii Eyasi, na nasikia watu wanazungumza, aje hapa atujibu: ardhi itaandikwa jina la nani, na Mhadzabe wa kwanza ataingia kwenye bodi mwaka gani? Cheti tutaongelea baadae.

Kisima Kirefu:

Na konyagi za bosi wake Mtu wa Karatu nazo tuziongelee, au hizo zimepita hivihivi?