Mrejesho: kidonge cha pregabalini na notriptilini, je, kiende na tramadoli?

Wakuu, swali lilikuwa hili: mama mwenye kisukari, miguu inawaka moto usiku, kaandikiwa kidonge kimoja chenye pregabalini 75 mg (dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu) na notriptilini 10 mg (dawa ya sonona ambayo kwa dozi ndogo hutuliza maumivu hayo). Aendelee na tramadoli, dawa kali ya maumivu, aliyokuwa akimeza?

Jibu la daktari: hapana, na ameelekezwa namna ya kuipunguza hadi kuiacha. Tramadoli na pregabalini kwa pamoja huzidisha usingizi na zinaweza kudhoofisha upumuaji. Tramadoli ikikutana na notriptilini, hatari ya degedege huongezeka, na serotonini, kemikali ya ubongo, inaweza kupanda kupita kiasi. Pombe nayo haiguswi.

Kidonge kinamezwa usiku kwa sababu kinaleta usingizi. Akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, maana presha huweza kushuka anaposimama. Kipimo cha figo ni lazima: pregabalini hutoka kwa mkojo, hivyo figo dhaifu hudai dozi ndogo. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au shida ya mkojo kutotoka vizuri aseme mapema.

Lisilosemwa vya kutosha ni hili: notriptilini 10 mg ni ndogo mno kutibu sonona, ambayo kwa mtu mzima kwa kawaida huhitaji 75 hadi 100 mg kwa siku. Sonona ipangiwe tiba yake. Kujiongezea vidonge ni hatari kubwa, kwani dozi ya pregabalini nayo inapanda, na notriptilini ikizidi huvuruga mapigo ya moyo hadi kuua. Kidonge kifungiwe mbali na watoto. Kisiachwe ghafla pia; daktari hukipunguza kwa angalau wiki moja.