Kibaraza karibu na bahari: mninga, chuma au viti vya kusukwa?

Mkeka_Mpana: Wakuu, kibaraza kina paa, mita 3 kwa 4, Kigamboni, kama mita 300 hivi toka baharini. Mvua ya upepo inafika, jua la jioni linaingia mpaka katikati. Viti viwe vya mbao ya mninga, vya chuma cha kuchomelea, au vya kusukwa kwa plastiki?

Randa: Mninga, mkuu, lakini uwe kiini kitupu. Ubao wenye ukanda mweupe pembeni kataa; huo hubunguliwa, utaona unga chini ya kiti. Uwe mkavu, la sivyo viungo vitaachia. Vanishi usipake: jua huipasua, maji yakaingia chini yake na mbao ikapiga weusi. Paka mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) yaliyochemshwa, subiri dakika 15, futa yote yaliyobaki juu, maana yakiachwa hunata. Matambara uliyofutia yatandaze nje yakauke. Ukiyarundika hupata joto yenyewe mpaka yakashika moto. Hilo tafadhali usilidharau.

Bomba_Mraba: Chuma nachomelea kila siku, ila kwa mita 300 toka baharini sikishauri. Hata bomba la mabati, zinki inayolikinga huungua pale lilipochomelewa na kutu huanzia hapohapo. Ukilazimika, sugua kiungo kwa brashi ya waya, paka rangi ya zinki, ziba ncha zote. Miguu ndiyo hufa kwanza: maji ya kudeki hujificha ndani ya vile vifuniko vya mpira.

Pwani_Kavu: Vya kusukwa vinafaa, ila nenda dukani na sumaku. Ikinasa kwenye fremu, humo ndani mna chuma, na msuko utaficha kutu mpaka mguu ukatike. Tafuta fremu ya alumini. Utepe uwe wa polithini; wa PVC hukakamaa juani ukapasuka.

Mkeka_Mpana: Nimeelekea mninga. Skrubu na mito je?

Randa: Skrubu za stenlesi daraja la 316. Za 304 huota madoa ya kutu kwa chumvi ya hewani.

Sindano_Nene: Sponji ya sentimita 10, foronya yenye zipu nyuma na kitambaa cha wavu upande wa chini, maji yapate pa kutokea. Chagua kitambaa cha akriliki ambacho uzi wake ulitiwa rangi kabla ya kufumwa. Cha kuchapwa rangi juu hupauka. Mito ikilowa isimamishe wima, usiilaze.

Pwani_Kavu: Na acha sentimita 75 za kupita mbele ya mlango kabla hujampa fundi vipimo.