Kulehemu pete za fedha nyumbani: tochi gani, lehemu gani?

Swali
Habari wakuu. Nataka kulehemu pete za fedha 925 (yaani sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha halisi), waya wa milimita 2. Nina tochi ndogo ya gesi ya butani na risasi ya kulehemia redio. Vinatosha? Niongeze nini?

Jibu la 1
Tochi inatosha kwa pete. Bangili nene itakushinda, maana fedha hutawanya joto upesi mno.

Risasi ya redio iweke mbali kabisa! Huyeyuka kwenye nyuzi 190 hivi, kiungo chake ni dhaifu, na punje yake ikibaki kwenye fedha, ukija kuipasha hadi iwe nyekundu itaitafuna na kuacha matundu. Nunua lehemu ya fedha kwa sonara. Zipo ngumu, za kati na laini, yaani ngumu huyeyuka kwa joto kubwa zaidi na laini kwa dogo zaidi. Kwa kiungo kimoja tumia ngumu, laini uitunze kwa viungo vya mwisho ili vya mwanzo visifunguke. Yenye kadimiamu usiiguse, moshi wake ni sumu. Ongeza boraksi (unga wa kuisaidia lehemu kutambaa), brashi ndogo, kibano na tofali la kuhimili moto. Dirisha liwe wazi.

Jibu la 2
Mkuu, wengi huharibu kabla hata ya kuwasha moto. Piga tupa ncha zote mbili mpaka zikikutana mwanga usipite, kwa sababu lehemu haizibi pengo. Paka boraksi, weka kipande cha lehemu cha milimita 1 juu ya kiungo.

Pasha pete nzima taratibu kwanza. Boraksi itachemka na kusogeza kipande; kirudishe kwa kibano. Ikishakuwa kama kioo, ndipo uusogeze moto kwenye kiungo, pande zote mbili sawa, kwani lehemu hukimbilia penye joto zaidi. Ikijikunja kuwa punje bila kutambaa, fedha ni chafu au haijapata moto. Ukiona mstari unaong'aa, ondoa moto papo hapo: 925 huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 800 hivi, na lehemu ngumu haiko mbali na hapo. Fanyia kivulini, juani huoni wekundu.

Muulizaji
Asanteni. Weusi unaobaki nautoaje?

Jibu la 2
Ndimu ya unga, vijiko 2 vya chakula kwa nusu lita ya maji ya moto, dakika 20. Kibano cha chuma kisiingie humo, pete itapata rangi ya shaba. Tumia cha mti au plastiki.