RAV4 inashika halafu inazima: nitoe sekyuriti, ninunue kontroboksi, au nitengeneze ufunguo mpya?

Nuru_Tabata
Wakuu, habari za leo. Nina RAV4 ya 2008, ya ufunguo wa kuchomeka, si ya kitufe. Ilitoka Japani na ufunguo mmoja tu. Nilipoinunua nikafungiwa na alamu ya dukani, yenye king'ora na rimoti yake. Huu ni mwezi wa pili sasa tangu shida ianze: kuna asubuhi inawaka vizuri na kuna asubuhi inashika sekunde moja au mbili kisha inazima. Taa nyekundu ya sekyuriti kwenye dashibodi inaendelea kumetameta hata ufunguo ukiwa ndani. Nikirudia mara tano, sita, inakubali.

Nimekwenda kwa mafundi watatu, nimerudi na majibu matatu. Wa kwanza anataka kutoa sekyuriti yote ili gari liwake kwa ufunguo wowote. Wa pili anasema ninunue kontroboksi la mtumba, yaani kompyuta ya injini, pamoja na ufunguo wake. Wa tatu anasema chipu iliyo ndani ya kichwa cha ufunguo imechoka, nitengeneze ufunguo mpya. Bei zao zimepishana sana, na fedha niliyonayo ni ya jambo moja tu. Gari hili ndilo linalobeba mzigo wangu wa Kariakoo. Mliopitia haya, mlichagua lipi?

FundiWaya
Dada Nuru, pole. Usimlipe hata mmoja kwanza. Gari lako lina sekyuriti mbili zisizojuana, ya kiwandani na hiyo ya dukani, na kila moja ina namna yake ya kulizuia gari. Ya dukani mara nyingi inakata waya wa stata, wa swichi au wa pampu ya mafuta kwa rilei, yaani swichi ya umeme, iliyofichwa chini ya dashibodi. Ikiwa imekata stata, ukiwasha husikii injini ikizunguka kabisa. Ya kiwandani kwenye Toyota nyingi inaacha stata ipige, injini inashika kidogo, kisha kontroboksi linakata. Dalili yako ni hiyo ya pili, na taa inaishuhudia: ukichomeka ufunguo ikazimika, chipu imesomeka, ikiendelea kumeta, haijasomeka.

Ila chipu kutosomeka hakuna maana kwamba chipu ni mbovu. Chipu ya ufunguo wa kuchomeka haina betri. Inapata nguvu kwenye pete nyeusi iliyozunguka tundu la ufunguo, inajibu kwa namba yake, na gari linailinganisha na namba lililonayo. Kwa hiyo hata ukibadilisha betri ya rimoti mara kumi, hapa haisaidii. Nikuulize: kwenye kishikizo chako kuna ufunguo wa gari lingine?

Nuru_Tabata
Upo, kaka. Wa gari la ofisini, nao una kichwa kinene cha plastiki.

FundiWaya
Utenganishe leo. Chipu mbili zikikaa pamoja karibu na pete zinaweza kujibu kwa mpigo mmoja, gari lisielewe yoyote. Hata kishikizo cha chuma kikilalia kichwa cha ufunguo kinasumbua. Jaribu siku chache, ufunguo ukiwa peke yake, utuambie.

SalimNyali
Wakati akijaribu, niseme juu ya hizi alamu za dukani, maana huku Mombasa zimetutesa. Hewa ya chumvi inakula ile swichi ndogo ya boneti. Ikishika kutu, alamu inadhani boneti limefunguliwa, king'ora kinalia saa nane za usiku mtaa mzima umelala. Yangu nilihangaika nayo, nikapunguza makali ya kihisi cha mtikisiko, wapi. Kumbe ni kijiti cha boneti kimeganda chini. Nilikisafisha kwa msasa na grisi kidogo, yakaisha.

Jambo la pili ni betri. Ndugu Nuru, ipime kabla ya kuwasha asubuhi. Iliyojaa inasoma kama volti 12.6. Ikiwa imeshuka chini ya 12, alamu inaweza kuwa inainyonya usiku. Zima kila kitu, weka mita ya ampea kati ya betri na waya wa hasi, ngoja nusu saa vifaa vilale, ndipo usome. Ikizidi miliampea 50, toa fyuzi ya alamu uangalie kama namba inashuka.

MzeeTanga
Mimi nilichagua kutoa sekyuriti ya kiwandani, na ninajuta. Kazi ilikuwa ya saa moja, gari likawaka kwa ufunguo wa kuchongwa sokoni. Baada ya miezi kadhaa lilichukuliwa nje ya ukumbi wa harusi, na king'ora hakikulia. Aliyechukua hakuhitaji chipu, alihitaji kuzungusha tundu tu. Binti yangu, usikubali.

Kigoma_Dereva
Mzee, heshima yako, lakini tusiihukumu njia hiyo kabisa. Mimi nilikwama porini siku nne, ufunguo umezama mtoni, hakuna fundi wa kusajili ufunguo hadi mjini, na gari lenyewe la kazi ya shamba. Nilitoa sekyuriti, nikafunga swichi ya siri kwenye waya wa pampu ya mafuta. Kwa mazingira yangu ilikuwa sahihi.

FundiWaya
Kigoma, kwa hali yako nakubali. Anayefanya hivyo ahakikishe fundi amenakili kumbukumbu ya kontroboksi kabla ya kuigusa, apewe nakala yake, ili siku akitaka kurudisha iwezekane. Wengi wanafuta tu wanaondoka.

Kontroboksi la mtumba ndilo ningeliweka mwisho. Namba iliyo kwenye lebo, kwa Toyota inaanza na 89661, lazima ilingane na ya kwako, pamoja na aina ya injini na gia. Na halitakubali ufunguo wako mpaka lioanishwe na sekyuriti ya gari au lije na seti yake nzima. Unanunua boksi zima kumbe tatizo ni waya.

Nuru_Tabata
Wakuu, nimerudi. Betri asubuhi imesoma 12.5. Ufunguo niliutenga: siku mbili ikawaka, siku ya tatu ikagoma tena. Nimegundua kitu, sijui kama kina maana. Inagoma asubuhi ile ambayo jioni iliyotangulia mdogo wangu aliendesha. Yeye ni mrefu, huwa anapandisha usukani, nami asubuhi naushusha.

FundiWaya
Kina maana kubwa sana! Usukani ukipanda na kushuka, tundu la ufunguo linakwenda nao na waya zake zinavutwa. Mwambie fundi afungue kava ya plastiki chini ya usukani, aangalie plagi ya ile pete. Asikate kitu.

Nuru_Tabata
Nimetoka gereji sasa hivi. Kava imetoka kwa skrubu tatu tu. Waya za alamu ya dukani zilikuwa zimefungwa kwa kamba ya plastiki pamoja na waya za pete, zimekazwa hadi hazina nafasi ya kucheza. Nilishika tochi mwenyewe: usukani ukishushwa, plagi inavutika na kutoka nusu, unaona kabisa pini zinang'aa upande mmoja. Fundi amekata ile kamba, akasafisha pini, akaisukuma plagi mpaka ikalia tap, akazipitisha waya za alamu upande mwingine. Tumepandisha na kushusha usukani mara kumi, kila mara taa inazimika na gari linawaka. Nimelipa gharama ya kazi peke yake.

SalimNyali
Alhamdulillahi. Na hiyo alamu?

Nuru_Tabata
King'ora nimekiacha. Kile kipande kilichokuwa kinakata stata tumekitoa, waya tumeurudisha na kuuchomelea kwa risasi, maana ulikuwa umesokotwa na kufungwa utepe tu. Fedha iliyobaki nataka kutengeneza ufunguo wa pili. Naweza kungoja mwisho wa mwezi?

FundiWaya
Usingoje sana. Kuongeza ufunguo wakati ulionao unafanya kazi ni kazi ndogo, gari linautambua ule ulionao, ndio mkubwa, kisha linaupokea mpya. Ukiupoteza huo mmoja, fundi analazimika kuingia kwenye kumbukumbu ya sekyuriti yenyewe, na bei inapaa. Fundi akimaliza, mwambie ausajili ukiwa umekaa naye, kisha uwashe kwa ufunguo mpya huku wa zamani ukiwa mbali, nje ya gari.

Nuru_Tabata
Jumamosi naenda. Mdogo wangu naye nitamchukua, apandishe usukani tena mbele ya fundi.