Naomba ushauri: makosa ya biti kwenye OFDM yanagoma kushuka
Wakuu, naombeni msaada. Naunda redio ya OFDM (njia ya kurusha data kwa kuigawa kwenye masafa mengi madogo yanayopakana) yenye vibebaji vidogo 64, yaani masafa hayo madogo. Kwa QPSK (kila kibebaji kinabeba biti 2 kwa simboli, yaani kwa kila kipande cha wimbi kinachorushwa) data inapita safi, ila nikipanda 64-QAM (biti 6) makosa ya biti hayashuki hata nikiongeza nguvu ya kurusha. Nukta kwenye skrini, zinazoonyesha simboli zilizopokelewa, zilikuwa zimezunguka zote kwa pamoja. Nikazirudisha kwa kutumia paileti (ishara ambazo kipokezi kinazijua tayari), lakini kila moja bado imevimba kama wingu. Nahisi ni kelele za fazi, yaani mtikisiko wa fazi, za osileta (saketi inayotengeneza wimbi la kubebea): vibebaji vinavujiana, na uvujaji unakua pamoja na mawimbi yenyewe. Je, nibadilishe osileta, au nipanue nafasi kati ya vibebaji? Nikipanua, simboli inakuwa fupi na muda wa kinga dhidi ya mwangwi unakula sehemu kubwa zaidi. Nimekwama wiki ya pili sasa.