Wazee wanataka niwe msuluhishi, na mie mwenyewe nna mtu hatusemi. Nifanyeje?

KarafuuMbichi: Asalaam alaykum. Wazee wa msikitini kwetu, kaskazini Pemba huku, wananitaka niongoze kamati ya kusuluhisha watu, mana kuna ugomvi wa mikarafuu ya urithi na familia mbili hazizikani toka siasa za 2015. Ati nafaa kwa vile baba Mpemba mama wa Makunduchi, Unguja. Utotoni Unguja nliitwa Mpemba, nikija huku naitwa Muunguja, leo ndo imekuwa sifa!

Tatizo hili hapa. Uchaguzi ulipofutwa Oktoba 2015 ukaja wa marudio Machi 2016 ambao wapinzani tuliususia, ami yangu alikwenda kupiga kura, sie vijana tukamsusia duka. Sukari nikiifata kijiji cha pili kwa baskeli, napita mbele ya duka lake nimekaza shingo. Baba akafariki 2018, ami akaja kumzika nduguye wa tumbo moja, na jeneza si mnajua watu wanapokezana, alipotaka kutia bega mie ndo nlokuwa mbele yake. Sikumpisha. Akabaki nyuma na makubadhi mkononi. Mpaka leo hatusemi, na sura ya Hujurat aya ya 10, suluhisheni baina ya ndugu zenu, naisomesha watoto chuoni kila wiki. Nikubali au nikatae?

BiShufaa: Mwanangu, hadithi imesema Muislamu asimhame nduguye zaidi ya siku tatu. We umepitisha miaka mingapi?? Kamati baadae.

Mtumbwi_77: Kataa kaka. Wazee hao hao si walikuwepo siku ya jeneza, mbona hawakusema kitu? Wanatafuta wa kumtupia mzigo. Na hiyo mikarafuu usithubutu kugawa wewe, mirathi ina Kadhi.

MzeeWaBaraza: Sikubaliani na Mtumbwi. Rais Amani Karume na Maalim Seif wa upinzani walikaa wawili kwanza, Novemba 2009, ndo maridhiano yakatoka nje, na wapo wanachama wao walonuna kweli kweli. Kura ya maoni ya serikali ya umoja wa kitaifa, Julai 2010, ikaja baadae, asilimia 66 wakasema ndio. Ingeanza kamati tungekuwa mpaka leo tunagombania viti. Ila na yale maridhiano hayakuvuka 2015, kwa hiyo usijidanganye kuwa ukishapeana mkono basi.

Mtumbwi_77: Hapo mzee kanishika 😂

BintiChake: Mie nakwambia kitu kimoja tu, kanunue sukari.

KarafuuMbichi: Wanajukwaa, nimekwenda jana baada ya alasiri. Nliandaa maneno njia nzima, kufika yote yamepotea nikasema "ami, nipimie sukari kilo mbili". Akapima, akafunga, kimyaa. Nikamwambia lile la jeneza nlifanya kusudi. Akasema "najua, nlikuwa nyuma yako". Halafu akaniuliza ile baskeli bado ipo. Tumekaa barazani mpaka adhana ya magharibi. Wazee bado sijawajibu.

BintiChake: Pesa ya sukari alipokea?

KarafuuMbichi: Alipokea, na chenji akanirudishia.